Hawasikilizani: Wanandoa, Jakamoyo na Lugha ya Unasihi Kaloleni

Katika Kiswahili cha pwani, mtu akitaka kueleza kwa staha kwamba mume na mke fulani wana ugomvi, husema, "Siku hizi hawasikilizani." Hasemi kwamba wanachukiana, wala hasemi kwamba mapenzi yamekwisha. Kwa neno moja tu lenye kiambishi cha kutendana, huwa amekwisha kutaja kiini cha jambo ambalo wataalamu wa unasihi wa ndoa hulitungia vitabu vizima. Makala haya yanakusudia kulitetea neno hilo. Yanakusudia pia kuitetea kazi ambayo wengi wetu tuliozaliwa Kaloleni na viunga vyake bado tunaitazama kwa jicho la shaka, yaani kazi ya mnasihi anayewaketisha mume na mke wakasikilizana, au anayemsikiliza mtu mmoja aliyelemewa na wasiwasi hadi usingizi ukamhama.

Nianze na kisa ninachokijua kwa karibu. Wahusika wameniruhusu kukisimulia maadamu sitawataja majina.

Mume alikuwa fundi wa kupaka rangi mjini Mombasa, na kila Jumamosi jioni alirudi nyumbani kwa matatu ya kupitia Mazeras. Mke alibaki na watoto wawili huko kwenye minazi. Katika mwaka wa tatu wa ndoa yao, mke alianza kuamka usiku wa manane moyo ukimdunda, viganja vimelowa jasho, pumzi zikimkatika, akiwa na yakini kwamba mumewe amepatwa na balaa. Humpigia simu. Akijibiwa, hutulia kwa muda wa robo saa, kisha jakamoyo likamrudia vile vile, naye hupiga tena. Mume aliyeshinda juu ya ngazi tangu alfajiri alichoka, akaanza kuizima simu. Simu iliyozimwa nayo ikawa ushahidi kwamba huko Mombasa yuko mwanamke mwingine. Jumamosi ikifika, mume hukaribishwa kwa maswali, naye huyajibu kwa kununa. Kununa kwake kulizaa maswali zaidi.

Wazee wakaitwa. Wakaketi chini ya mwembe, tembo la mnazi likaletwa kama ada inavyodai, na kila upande ukaleta mashahidi wake. Hukumu ilitoka kabla ya jua kuchwa: mume alitozwa mbuzi kwa kosa la kuizima simu, na mke akaonywa asimwaibishe mwenziwe mbele za watu. Nyumba ilitulia kwa miezi miwili hivi. Kisha mtoto mdogo akaanza kukonda, na hapo likatajwa neno ambalo Mmijikenda yeyote analijua: chirwa. Msomaji asiye wa kwetu na aelewe kwamba chirwa ni ugonjwa wa mtoto mchanga unaosemekana kuletwa na mzazi aliyevunja miiko ya ndoa kwa kutoka nje. Kwa hiyo kumtaja mtoto kwamba ana chirwa ni sawa na kumshtaki baba yake au mama yake kwa uzinzi. Wapo akina mama wanaochelewa kumpeleka hospitali mtoto aliyekosa lishe kwa kuchelea fedheha hiyo. Mavyaa, kwa kumtetea mwanawe, alikwenda kwa mganga. Mganga akaagua kwamba mtoto hana chirwa, bali katika ukoo yumo mtu mwenye mvi asiyewatakia mema. Mwenye mvi katika ukoo ule alikuwa mmoja tu, naye ni shangazi wa mume, mjane, wifi yake mavyaa. Usiku wa tatu baada ya maneno hayo kuenea, shangazi alifunga kanga zake mbili na sufuria moja, akaenda kwa bintiye Malindi.

Sikukileta kisa hiki kwa sababu ni cha ajabu. Nimekileta kwa sababu ni cha kawaida. Kaunti ya Kilifi imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi kwa sababu ya mauaji ya wazee wanaoshukiwa uchawi, hata huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pakawekwa kimbilio la wazee waliookolewa. Mauaji hayo huelezwa aghalabu kwa tamaa ya ardhi, na maelezo hayo yana ukweli mwingi. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba ipo sababu nyingine iliyosahauliwa, nayo ni hofu isiyopewa jina. Nyumba yenye hofu isiyoelezeka hutafuta mtu wa kuibeba. Lau yule mke angelipata mtu wa kumweleza kwamba moyo kudunda usiku wa manane ni maradhi yanayojulikana na yanayotibika, pengine shangazi angelilala kwake.

Najua pingamizi litakaloletwa kwanza: kwamba unasihi ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna wazee, tuna masomo na makungwi, tuna masheikh na mapadre. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Kaloleni ni mahali penye mila ya kusuluhisha yenye mizizi mirefu. Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alifanya utafiti wake miongoni mwa Wagiriama wa sehemu hiyo katika miaka ya 1960, na kitabu alichokitoa mwaka 1972 alikiita Palms, Wine, and Witnesses: minazi, tembo na mashahidi. Jina hilo limefumbata mengi. Mali iliyogombaniwa ilikuwa minazi na ardhi, tembo likahalalisha mapatano, na aliyeshinda ni yule mwenye wazee wa kushuhudia kwamba siku fulani, mbele yao, kitu fulani kilitolewa kikapokewa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo imeutambua utaratibu wa namna hii, kwa kuwaruhusu waliooana kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla ya mahakama kuamua kuvunja ndoa yao.

Basi mimi si miongoni mwa wanaotaka wazee wastaafishwe. Ninachosema ni kwamba ustadi wa wazee ni ustadi wa ushahidi. Waulizwe mahari yalitolewa lini na kiasi gani, nani alimpiga nani, mtoto ni wa nani, nao watakujibu kwa haki kuliko mawakili wengi. Lakini jakamoyo halina shahidi. Nani atasimama chini ya mwembe ashuhudie kwamba saa nane za usiku moyo wa fulani ulidunda? Baraza huuliza, "Nani mwenye kosa?" Katika kisa chetu hapakuwa na mwenye kosa. Palikuwa na mtu mmoja mwenye hofu na mwingine mwenye uchovu, na kila mmoja alikuwa akijikinga kwa njia iliyomchoma mwenziwe. Mbuzi hakuweza kuliondoa hilo.

Kuna tofauti nyingine inayohusu siri. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na methali hii hutumiwa sana kumnyamazisha anayetaka kusema ya nyumbani kwake. Nami naiona kwa jicho jingine. Kata huijua siri ya mtungi kwa kuwa huingia ndani, na kazi yake ni kuteka maji na kuyatoa. Mambo ya chumbani yakisemwa mbele ya baraza, kesho yake yako kisimani. Mnasihi hufungwa na maadili ya kazi yake asiyatoe aliyoyasikia, ila pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na sheria hiyo ndiyo msingi wa kuwasajili wenye kazi hiyo. Wanaojiita wanasihi bila mafunzo wapo pia, tena wengi, na msomaji na ajihadhari nao kama anavyojihadhari na mganga wa kubahatisha.

Tuseme sasa unasihi hufanya nini hasa, maana wengi hudhani ni kuketi na kupewa mawaidha. Mtafiti wa Kimarekani John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alitumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakizungumza mambo wanayohitilafiana, huku vyombo vikipima mapigo ya mioyo yao. Alibaini mienendo minne inayoashiria kuvunjika kwa ndoa: kumshutumu mtu kwa tabia yake badala ya kulilalamikia tendo lake, dharau, kujitetea kwa kila neno, na kujifungia katika kimya. Mpwani hahitaji kufasiriwa haya. Dharau ni kule kufyonya na kubeua midomo. Kimya ni kununa. Miongoni mwa minne hiyo, Gottman aliona dharau kuwa dalili mbaya kupita zote, na nadhani mama zetu waliotukataza kufyonya walikuwa wamekwisha kulijua hilo bila ya vyombo. Jambo la maana zaidi kwa hoja yangu ni lile alilolibaini kuhusu kimya, kwamba mara nyingi anayenyamaza moyo wake unakwenda mbio na mwili wake umefurika kiasi kwamba hawezi tena kusikiliza. Kwa nje anaonekana hajali. Mume wetu aliyeizima simu alikuwa na jakamoyo lake pia, ila halikuwa na sauti.

Na wasiwasi wenyewe hutibiwaje? Huu nao una utaratibu wake unaojulikana. Mwili wenye hofu hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hudunda, pumzi hufupika, tumbo huvuruga. Mtu huyasoma mabadiliko hayo kuwa ni ithibati ya balaa, na hofu ikazidi. Kisha hutafuta kitu cha kumtuliza upesi: kupiga simu, kuuliza tena, kukagua, kuepuka. Hutulia kidogo, na utulivu ule mdogo humfundisha kwamba bila kupiga simu hawezi kutulia. Ndiyo maana mke yule kadiri alivyojibiwa ndivyo alivyozidi kuuliza. Mnasihi humfundisha kuitambua hofu inapoanza, kupumua polepole, kuyapima mawazo yake kama mtu apimavyo sarafu anayoishuku, na kukaa na hofu ile kwa dakika chache, kisha kwa dakika nyingi zaidi, mpaka ishuke yenyewe. Wengine huhitaji dawa, na hapo ni kazi ya daktari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na kwamba takriban mmoja tu kati ya wanne huyapata matibabu. Sitarajii kwamba Kaloleni inauzidi uwiano huo.

Hapa ndipo sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tunapohusika, na hapa nitakawia kidogo.

Neno "ushauri nasaha" liliwafikia Wakenya wengi mapema katika miaka ya 2000, pamoja na vituo vya VCT vya kupimia virusi vya ukimwi. Vituo hivyo vilifanya kazi ya kusifika, lakini viliacha harufu yao juu ya neno. Ukimwambia mtu wa makamo huko Chonyi au Jibana kwamba amekwenda kupata ushauri nasaha, atakuuliza kwa sauti ya chini, "Amepimwa?" Aidha, neno nasaha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni maneno mema ya kuonya na kuongoza. Anayepewa nasaha hukaa kimya akapokea. Si ajabu basi kwamba wanandoa huingia kwa mnasihi wakitarajia hukumu nyingine, isiyo na mbuzi. "Unasihi", istilahi iliyoenea zaidi Tanzania, imetoka katika shina hilo hilo. Nimeitumia katika makala haya kwa kukosa nyingine, lakini moyo wangu haujaridhika nayo.

Upande wa maradhi hali ni mbaya zaidi. Neno "wasiwasi" tumelirithi kutoka waswas la Kiarabu, mnong'ono wa Shetani moyoni mwa binadamu. Kwa mwenye dini, kukiri kwamba ana wasiwasi ni kama kukiri upungufu wa imani. "Mawazo" nayo ni mepesi mno. Kila mwenye deni ana mawazo. Ilhali kamusi zetu zimejaa maneno tuliyoyaacha yakaota kutu: jakamoyo, wahaka, fadhaa, kiherehere cha moyo, dukuduku. Nayataja kwa ulinganisho. Dukuduku ni lile lililojificha moyoni likamsumbua mtu, nalo lina kitenzi chake tayari: hutolewa. Je, kuna tafsiri bora ya kile kinachotendeka katika chumba cha mnasihi kuliko kutoa dukuduku?

Mke wa kisa chetu aliniambia kwamba siku ya kwanza mnasihi, kijana mpole aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, alimuuliza kama huwa ana "anzaiti". Alidhani ni aina ya kijidudu, akajibu hana. Ilichukua siku ya pili, aliposema mwenyewe, "Moyo hunijaa wahaka," ndipo wakaanza kuelewana. Kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyempa maneno. Vyuo vyetu vikuu vinafundisha saikolojia katika jengo moja na Kiswahili katika jengo jingine, na sijui ni lini mara ya mwisho mmoja wetu aliuvuka ua ulioko kati.

Wenzetu wa Zimbabwe walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianzisha huko Harare mpango wa kuwafunza akina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye huzuni na wasiwasi, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Alikuwa na nia ya kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wale wakamwambia hakuna atakayelikaribia kwa jina hilo, liitwe benchi la urafiki. Kwa Kishona jina lake ni Chigaro Chekupanamazano, na mwanaisimu yeyote wa Kibantu atakiona pale katikati ya neno kiambishi tunachokijua sisi: kupana, kupeana. Si kiti cha kupewa mawaidha, ni kiti cha kupeana mawazo. Maradhi yenyewe bibi hao waliyaita kwa neno la nyumbani, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Kwa nini usifike Kaloleni, kwenye wazee wengi wenye subira ya kuketi kutwa chini ya mwembe? Hao hao tunaowaogopa kwa sababu ya mvi zao ndio wangeweza kufunzwa kuketi kwenye benchi. Napendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vya vyuo vya pwani vikae na wanasihi wa hospitali za Kilifi, vitunge kijitabu cha maneno ya kuzungumzia hofu na ugomvi wa nyumbani, kwa Kiswahili na kwa lugha za Kimijikenda, na kiwafikie wauguzi kwanza kabla ya maprofesa.

Sitaki kuusifu unasihi kupita kiasi. Kuna ndoa ambazo hazitapona, na hapo mnasihi huwasaidia wawili waachane bila ya kuwararua watoto. Kuna nyumba ambamo mmoja humpiga mwingine. Huko kuwaketisha pamoja ni hatari, kwa kuwa atakayesema kweli mchana atalipishwa usiku. Huko linalotangulia ni usalama, na Kenya ina sheria ya kumkinga mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2015 na nambari 1195 ya kuomba msaada. Vile vile kuna mwelekeo wa kuwaleta wanasihi baada ya maiti. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola, Shirika la Msalaba Mwekundu lilipeleka wanasihi Malindi kuwatuliza jamaa waliokuwa wakiwatafuta wao, na ilikuwa kazi ya huruma kubwa. Ila wengi wa waliofuatana kuingia msitu ule walikuwa mume na mke na watoto wao, na wengine wao bila shaka walikuwa na hofu zao ambazo hakuna mwingine aliyekuwa amekaa kuzisikiliza.

Nimalizie kisa. Mke hatimaye alimpeleka mtoto hospitali bila ya kumwaga mavyaa. Mtoto alipimwa uzito, akaanzishiwa lishe. Muuguzi, alipokuwa akiandika kwenye kadi, alimuuliza mama bila ya kuinua kichwa, "Na wewe mwenyewe unalalaje?" Mama akalia pale pale. Muuguzi ndiye aliyemwelekeza kwa yule kijana. Alikwenda peke yake mara tatu, kisha akaenda na mumewe, aliyekubali baada ya kuambiwa kwamba hapatakuwa na mashahidi. Huko mume alisikia kwa mara ya kwanza jinsi saa nane za usiku zilivyo, na mke akasikia kwamba simu ikilia mara ya sita mikono ya mumewe hutetemeka. Walipatana saa moja ya kupigiana, saa tatu za usiku, na baada ya hapo mke afanye mazoezi yake ya kupumua na kungoja. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Ugomvi haujakwisha, ila sasa wanagombana kwa maneno, na simu haizimwi.

Mtoto amenenepa. Nyumba ya shangazi imeanza kubomoka upande wa magharibi, makuti yameliwa na mchwa. Mume alikwenda Malindi mwaka jana kumwomba arudi. Shangazi alimpikia, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema atarudi siku wifi yake atakapokuja kumchukua kwa miguu yake mwenyewe.